Mistari Niliyosaidia Kuchora

Kwa siku nne mfululizo nilikaa na walimu wachache kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, Tlawi, tukiulizwa swali lilelile. "Mtoto aliyeshindwa kadi hii, je, kwa yakini atashindwa na ile?" Tukisema ndiyo, mtaalamu alibonyeza kompyuta yake na mstari ukatokea ukutani, kutoka kadi ya chini kwenda kadi ya juu yake. Tukisema hapana, kadi hizo mbili zilibaki bila kuunganishwa. Kadi zilikuwa ishirini na moja, kila moja na swali moja la hesabu. Ya chini kabisa ilikuwa ya kuhesabu vitu, ya juu kabisa ilikuwa ya uwiano.

Mchoro huo ulikuwa wa mtihani wa watoto walioacha shule, wa Mbulu na wa Hanang. Mradi ulitaka kuwapanga katika madarasa mawili. Darasa la juu lingesoma mwaka mmoja na kufanya mtihani wa darasa la saba. La chini lingeanza na namba na kuchukua miaka mitatu. Na kwa kuwa watoto wangekuwa wengi, na wengine wangefika wamechoka kwa mwendo, hawakutaka kumwuliza kila mmoja maswali yote. Kishikwambi kingeuliza machache, mchoro ungejaza yaliyobaki. Aliyeweza kugawanya, ya nini kumwuliza kutoa? Aliyeshindwa kutoa, ya nini kumsumbua na kugawanya?

Mimi niliishia darasa la tano. Waliniita kwa sababu nazungumza Kiiraqw cha mama na Kidatoga cha baba, na walihitaji mtu wa kugeuza kadi katika lugha hizo. Siku ya kwanza nilikaa nyuma, karibu na chupa za chai. Mtaalamu, mwanamke wa mjini aliyenizidi miaka michache, ndiye aliyenivuta mbele aliposikia kwamba nimewafundisha wadogo zangu nyumbani.

"Kaka, na wewe utajibu," alisema. "Wewe umemwona mtoto akishindwa kwa macho yako."

Kiti cha mbele alikaa mwalimu mstaafu, yule aliyenifundisha darasa la nne. Alicheka mpaka akakohoa.

"Haya, darasa la tano limepanda meza kuu. Kesho tumwite na mlinzi."

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Kaa. Lakini usitupoteze."

Nilikaa. Na sitasema uongo, niliupenda mchoro ule. Mpaka siku ya pili ulikuwa umeshapanda ukutani kama mti uliopinduliwa mizizi juu, na nilianza kujiona mwenyewe ndani yake. Baba aliugua nikiwa darasa la nne. Nilikaa nyumbani wiki nyingi nikichota maji na kumgeuza kitandani, na niliporudi shule wenzangu walikuwa wameshavuka sehemu, wako kwenye desimali. Niliangalia ubao kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha shamba la jirani. Tangu siku ile niliitwa mzito, na mimi mwenyewe nikaamini. Sasa niliweza kuweka kidole ukutani na kusema: ni hapa. Zilikosekana kadi mbili tu chini yangu. Hakuna aliyerudi kunichukua pale zilipokosekana. Nilitaka kumwuliza mwalimu mstaafu kama aliliona pengo lile wakati ule. Alikuwa anakunywa chai, nikaacha.

Baba alikufa mwaka ule, mama akamfuata mwaka uliofuata. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaacha shule nilime kipande cha mama pale Tlawi. Wadogo wawili wa mwisho nilibaki nao. Anayenifuata, msichana, baba mdogo alikuja kumchukua kwenda Dirma baada ya matanga.

"Huyu ana miguu ya kuchunga," alisema.

Alikuwa darasa la tatu, na ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi sote. Mimi mwenyewe nilimfungia kanga yake na kumbebea mpaka barabarani. Nilidhani ni mpaka mavuno. Mavuno yamepita saba.

Kila mwaka nilikwenda Dirma kumwomba baba mdogo amrudishe, na kila mwaka alikuwa na jibu lake: ukame, au ndama wengi, au mke mgonjwa. Mradi ulipotangazwa nilikwenda tena, na safari hii alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachonga mpini wa shoka.

"Mwaka mmoja, kisha mtihani wa serikali?"

"Mwaka mmoja, baba. Akipangwa darasa la juu."

"Akipangwa darasa la juu, mchukue. Sitaweka mguu mlangoni. Lakini akipangwa na wale wa kujifunza moja, mbili, tatu, anabaki hapa. Sitoi mchungaji miaka mitatu akahesabu vidole vyake."

Nilikubali haraka. Nilikuwa na hakika. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mdogo wangu akichanganya dawa ya kupe. Chupa iliandikwa kipimo cha lita ishirini, na bomba la kunyunyizia la baba mdogo lilikuwa la lita kumi na sita. Alisimama kidogo, midomo ikicheza, kisha akamimina kwenye kifuniko na kukiinua usawa wa jicho. Nilihesabu na mimi kwa kijiti ardhini, polepole, nikamkuta yuko sawa. Huo ni uwiano. Hiyo ni kadi ya ishirini na moja.

Basi nilikaa ukumbini nikichora kwa ajili yake. Kila niliposema ndiyo au hapana nilimwona yeye.

Siku ya tatu mtaalamu alisema kadi za chini zina nukta tu, na watoto watachoka. Tuweke picha za vitu wanavyovijua.

"Mahindi," alisema mwalimu mstaafu. "Kila mtoto anajua mahindi."

"Wa huku juu," nilisema. "Watoto wa Dirma hawalimi kama sisi. Lakini ng'ombe wanamjua kabla hawajajua kutembea."

Mtaalamu alipiga makofi, na wengine wakapiga. Hata mwalimu mstaafu aligonga meza kwa kalamu, mara moja. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi katika chumba chenye meza. Wakachora ng'ombe kwenye kadi nne zote za chini, wazuri, wenye nundu na mabaka. Kisha tukaulizwa tena, kwa kuwa kadi zimebadilika: mtoto asiyeweza kuhesabu ng'ombe hawa, je, kwa yakini atashindwa kutoa? Atashindwa kugawanya? Atashindwa uwiano? Ndiyo, nilisema. Ndiyo, ndiyo. Mwalimu mstaafu alisema ndiyo. Kompyuta ilipojua hivyo haikutuuliza tena mengi, ilijaza yenyewe, na kila kitu ukutani kikawa kimesimama juu ya wale ng'ombe.

Kwa watu wa baba, ng'ombe hawahesabiwi. Si kwa kidole, si kwa mdomo. Jioni alisimama langoni mwa zizi akiwatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo alimtaja: yule mwekundu mwenye pembe iliyoshuka. Mgeni akimwuliza ana ng'ombe wangapi, baba alimwuliza yeye kama mvua imenyesha kwao. Nikiwa mdogo niliwahi kuwanyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, na baba akakipiga kidole kile kwa fimbo. Kiangazi kile walikufa wengi. Hakuna aliyesema ni mimi. Haikuwa lazima kusema.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Huku kwa mama watu wana ng'ombe wawili, watatu, nao wanawahesabu kama kuku, na mimi nimekaa huku miaka mingi. Lakini sikusahau. Siku ya nne waliniweka kwenye stoo, wakatundika mablanketi madirishani kuzuia kelele, nikasoma kadi zote kwa Kidatoga mbele ya kinasa sauti. Nilipofika kadi ya kwanza ulimi ulisimama. Nikarudia, ukasimama tena.

"Kuna tatizo, kaka?" mtaalamu aliuliza.

Ningeweza kusema. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Lakini nilifikiria makofi yale, na nilifikiria mwalimu mstaafu akisema mahindi, si nilisema mahindi. Nikajiambia: picha si ng'ombe.

"Hakuna," nilisema, na mara ya tatu nikaisoma vizuri. *Ng'ombe hawa ni wangapi? Gusa kila mmoja ukiwahesabu.*

Mtihani wa Dirma ulifanyika shuleni, asubuhi. Ndugu wa mtoto hakuruhusiwa kukaa naye chumba kimoja, kwa hiyo nilisimama nje ya darasa jingine nikiwapanga wengine mstari. Mdogo wangu aliingia amevaa viatu nilivyomletea. Watoto waliotangulia walikaa karibu saa nzima. Yeye alitoka kabla sijamaliza kuandika majina ya mstari mmoja. Nilifurahi. Nilidhani amekimbia juu mpaka kileleni, kishikwambi kimekosa la kumwuliza.

Alikuwa anatabasamu na yeye.

"Nimemaliza," alisema.

"Mbona upesi hivi? Yalikuja maswali ya kugawanya? Yalikuja ya uwiano?"

"Hayakuja. Walikuja ng'ombe."

"Ukasema wangapi?"

"Sikusema." Aliniangalia kama mtu anayengoja kusifiwa. "Kaka, si ilikuwa sauti yako? Nilipoisikia nikajua ni mtego. Nikasema, huyu anajua, hawezi kuniambia niwaguse ng'ombe mmoja mmoja niwahesabu. Wanataka kuona kama wachungaji tuna adabu. Nikaweka mikono mapajani. Wakaja wengine, eti waliokwenda majini ni wangapi. Nikanyamaza tena. Mara nne. Nimefaulu, sivyo?"

Nakumbuka mtoto mmoja wa mstari wangu akivuta shati langu akitaka kujua kama atapewa uji.

Jioni mtaalamu alinionyesha matokeo kwenye kompyuta. Mchoro wetu ulikuwa mmoja kwa kila mtoto, na kila kadi ina rangi: kijani anajua, kijivu hajui. Wake ulikuwa kijivu kutoka chini mpaka juu, kadi zote ishirini na moja.

"Lakini ameulizwa nne," nilisema.

"Ndiyo. Hizi nyingine zimejazwa na mchoro. Ameshindwa misingi, kaka. Pole sana."

"Huyu anachanganya dawa ya kupe kwa uwiano. Nimemwona."

"Labda amekariri." Alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mfiwa. "Mchoro umejengwa na walimu wenye uzoefu. Na wewe ulikuwepo." Akafungua ukurasa mwingine, na pale zikaonekana ndiyo zetu, kila mtu kwa safu yake. Nilizitambua zangu.

Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kuhusu lango la zizi, na fimbo ya baba, na ulimi wangu uliosimama kwenye stoo. Nilitegemea atakasirika, na ningeshukuru. Badala yake macho yalimng'aa. Alivuta daftari akaanza kuandika mbiombio.

"Hii ni taarifa kubwa sana," alisema. "Kubwa mno. Kumbe swali la chini halipimi kuhesabu! Kwa watoto hawa mstari wote huu haupo! Kwa nini hukusema mapema?"

Nilimwambia sijui.

"Sasa mdogo wangu arudie mtihani," nilisema.

Kalamu ikasimama. Kurudia kunahitaji kibali, alisema. Aliyepimwa amepimwa, majina yanakwenda wilayani kesho. Lakini ataandika barua. Alinishika mkono kabisa: ataandika. Na aliandika, sitamnyang'anya hilo. Ng'ombe waliondolewa kwenye kadi ndani ya wiki mbili, wakawekwa mahindi. Mwalimu mstaafu alipokutana nami sokoni hakungoja hata salamu.

"Nilisema mahindi, sikusema?"

"Ulisema, mwalimu."

Kibali kilikuja baada ya miezi miwili. Nilikipeleka Dirma nimekikunja ndani ya daftari jipya nisikichafue. Boma lilikuwa na mbuzi wachache na mke mmoja wa baba mdogo, anayeuguza mguu. Malisho yameisha, alisema. Wamehamia Yaeda Chini na ng'ombe wote, na binti naye.

Nilikwenda Yaeda, sehemu kwa pikipiki mpaka njia ilipokatika, sehemu kwa miguu. Nilimkuta baba mdogo amekaa kwenye kigoda akimtoa ndama kupe masikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata nini huku, na huna ng'ombe?"

Nilimsomea karatasi. Aliniacha nimalize, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo mtihani ule wa kwanza ulikosea."

"Mimi ndiye niliyekosea, baba. Mimi ndiye niliyesema waweke ng'ombe. Na sauti iliyomwuliza ilikuwa yangu."

"Najua. Ameniambia." Alimwachia ndama. "Mwaka mzima nilikuwa nawaza nani nitamwachia hawa ng'ombe. Wanangu wako mjini wanaendesha bodaboda. Kumbe huyu mmemwekea ng'ombe mbele yake, mmemwahidi shule, sauti ya kaka yake inamwambia hesabu, na amekataa. Huyo ni mtoto wa kaka yangu hasa. Wewe sijui ni wa nani."

"Tulikubaliana, baba. Arudie, akipangwa juu..."

"Tulikubaliana mtihani. Umefanyika. Hatukukubaliana mitihani."

Nilimwambia wadogo wale wawili wanamngoja dada yao. Nilimwambia nitachunga mimi mwaka mzima badala yake. Alicheka kidogo, si kwa ubaya.

"Wewe? Utawahesabu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya ua wa miiba, kibuyu cha maziwa mkononi, na alisikia yote. Hakulia. Nilipomfuata kuaga aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba nilijua wakati ule nasoma kadi. Nilimwambia ni kweli. Alitikisa kichwa, akaingia kukamua.

Darasa la juu lilianza bila yeye. Kibali kiliandikwa tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilipita ng'ombe wakiwa bado Yaeda. Basi nikaanza kwenda mwenyewe. Kila mwezi mara moja nilibeba madaftari na kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na tukakaa pembeni ya maji wakati mifugo inakunywa. Aliyajua mengi. Aliyakosa machache, na yale machache hayakufuata mstari wowote tuliochora Tlawi. Sehemu alizipata mara moja. Kuandika namba kubwa kulimpa taabu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha zinaandikwaje. Tungekuwa tumemwuliza, tungelijua hilo kwa asubuhi moja. Niliandika haya yote kwenye karatasi nikamtumia mtaalamu kwa simu, na akajibu kwamba amefurahi na ataiweka kwenye ripoti.

Nilikwenda hivyo miezi minane. Wake wa baba mdogo walimtania: mwalimu wako amekuja, vaa viatu. Yeye alicheka nao. Lakini mwezi wa tisa nilipofungua mfuko aliweka kiganja juu ya madaftari.

"Usije nayo tena, kaka."

"Kwa nini? Umebakiza sura tatu tu."

"Nikimaliza, nani atanipima?"

Nilianza kusema kwamba huenda mwakani mradi ukarudi, huenda kibali kingine. Hakuondoa kiganja.

"Ukija nayo naanza kungoja. Ukiondoka naendelea kungoja, mwezi mzima, nyuma ya ng'ombe. Wewe njoo tu. Njoo unisalimie. Sitaki kungoja tena."

Mwezi uliofuata nilikwenda na sukari, sabuni na kanga. Alinikuta njiani, mbali na boma. Aliutazama mfuko wangu kwanza, umbo lake, jinsi ulivyoning'inia. Kisha akainua macho.

"Shikamoo kaka," alisema, na akanipokea mzigo.